Ulimi Wenye Njaa

Nilifika Rwezamenyo siku ya tatu ya msiba, Mzee Yusufu akiwa amekwisha kuzikwa, kwa sababu Waislamu hawamcheleweshi maiti wao na mimi nilikuwa safarini kusini nikifundisha. Nilivua viatu mlangoni, nikaketi mkekani na wanawake, na bibi mmoja aliyekuwa kando yangu akaniuliza kwa upole marehemu alikuwa nani wangu. Nikamjibu kwamba alinifundisha kazi. Akatikisa kichwa kama mtu aliyeambiwa kuwa marehemu aliwahi kunirekebishia baiskeli, akarudi kwenye tasbihi yake. Nikabaki na hasira, si kwa bibi bali kwa jibu langu mwenyewe. Mwanamke mzima wa miaka hamsini na kitu, ninayekula mkate wangu kwa kueleza bila kubabaisha kilichomo ndani ya kikombe cha kahawa, nilikuwa nimemweleza Mzee Yusufu kama ninayejaza fomu. Basi nilipokuwa nimeketi pale nikisikiliza visomo, nilianza kuupanga upya mwaka mmoja kichwani, mwaka wa tisini na mbili, nijue ningemjibu nini kama angeniuliza tena.

Mwaka ule nilikuwa na miaka ishirini na miwili, na mali yangu kubwa ilikuwa pua. Kiwanda cha kukoboa kahawa kule Gikondo kilitaka msichana wa kuosha bakuli katika chumba cha kuonjea, na siku yangu ya kwanza nilimwambia mwonjaji mkuu, mzee mwembamba mwenye kofia ya kufuma, kwamba maji ya birika lake yananuka kutu. Wenzangu walinikonyeza ninyamaze. Yeye akanusa, akaonja, akalimwaga birika zima nje ya dirisha, na kabla mwezi haujaisha nilikuwa nimesimama upande wa pili wa meza nikiwa na kijiko changu. Chumba kile nakiona mpaka leo. Meza ilikuwa ya duara na ilizunguka, ili mwonjaji asimame na bakuli zimfuate. Kulikuwa na tanuri dogo la kukaangia sampuli, mizani ndogo, ndoo mbili za kutemea, na dirisha lililotazama upande ambako jua haliingii moja kwa moja. Marashi yalikuwa marufuku, na sabuni ya harufu, na kitunguu kibichi. Nyuma ya ukuta wa mbao walikaa wanawake wa kuchagua punje, wakiimba, wakisengenyana, wakicheka mpaka mbao zikatetemeka, na sisi tuliokatazwa kusema wakati wa kuonja tulipata habari zote za mji bila kufungua mdomo.

Habari zenyewe hazikuwa nzuri. Vita vilikuwa kaskazini, njia ya huko ilikuwa imefungwa, na kahawa yetu ilizungukia mpakani Rusumo kwenda kuitafuta bahari ya Tanzania. Vyama vilichipuka kila wiki na kofia zake. Watu waliulizana wewe ni wa wapi, wa nani, wa chama gani, hata kwenye foleni ya maziwa, na jibu lako lilipimwa kabla hujalimaliza. Mzee Yusufu alikuwa na desturi moja ambayo mwanzoni niliiona kama ukaidi wa uzee. Bakuli zake hazikuwa na jina la kilima wala la mkulima, zilikuwa na namba tu, na karatasi ya majina aliifungia kwenye droo mpaka kila mtu awe ameandika hukumu yake. Siku moja alikuja karani wa ofisini, kijana wa kofia ya chama, akataka kujua kahawa iliyokuwa mbele yetu ilitoka wapi. Mzee akamwambia iko namba saba. Karani akasema anaona kuwa ni namba saba, anauliza imetoka wapi. "Imetoka kwenye namba sita," Mzee akamjibu, "na inaelekea kwenye namba nane." Wanawake wa nyuma ya ukuta waliangua kicheko, na karani akaondoka na kofia yake. Baadaye Mzee aliniambia kwamba ukishajua jina la kilima, ulimi unaonja watu badala ya kahawa. Nimesoma mengi tangu hapo kuhusu biashara na uadilifu, nimekaa kwenye semina zenye chai na biskuti, na bado sijapata sentensi inayoishinda hiyo.

Nilipanga chumba uani kwake, hapa hapa Rwezamenyo, chumba cha kitanda kimoja na dirisha la ukubwa wa sinia. Mkewe, Mama Zaituni, alikuwa na mkono wa kupika uliofanya majirani wapitepite bila shughuli, na binti yao Zaituni alikuwa wa kubebwa mgongoni. Kila asubuhi Mzee alipotoka alisimama mbele ya mlango wangu akauliza, "Konso, umekula?" Nami nikajibu, "Yego, Mzee, nimekula." Nilidhani ni salamu. Kwetu mtu mzima akimjali mtoto wa mwenzake humuuliza kama amekula, na mtoto mwenye adabu hujibu ndiyo hata kama tumbo linanguruma. Nilijibu ndiyo miezi yote ile, na miezi mingi lilikuwa jibu la kweli, kwa sababu Mama Zaituni aliniachia muhogo wa kuchemsha usio na chumvi chini ya sahani iliyofunikwa. Sikujiuliza kwa nini usiwe na chumvi. Nilifikiri chumvi imepanda bei.

Mwezi wa tatu, Kwaresima na Ramadhani viliingia karibu siku moja, sisi tukipakwa majivu na wao wakitafuta mwezi. Mzee hakuwa mtu wa kutafuta ruhusa. Wako waliomwambia kwamba mtu akionja kwa sababu ya kazi na kutema, saumu yake haiharibiki. Akawajibu kwamba huenda ni hivyo, ila yeye hataki kusimama mbele ya Mola akiwa na hoja ya ndoo ya kutemea. Miaka yote alikuwa na msaidizi wa kumwonjea mwezi huo, na msaidizi yule alikuwa amehamishwa na vita. Akaniweka mbele ya meza. "Pua yangu itafanya kazi," akasema, "lakini ulimi imekwenda likizo. Mwezi huu weye ndiyo ulimi yangu." Yaani ningeonja mimi, ningesema mimi, na yeye angepiga muhuri wake juu ya neno langu, muhuri ambao wanunuzi wa ng'ambo walikuwa wameuamini kwa miaka ishirini bila kumwona mwenye muhuri. Nilitembea kutoka Gikondo hadi Rwezamenyo siku ile nikiwa mrefu kuliko kawaida yangu.

Hapo ndipo nilipofanya upumbavu, na nilifanya kwa moyo safi, ambao ni upumbavu mbaya kuliko mwingine. Niliona haya kula mbele ya watu waliofunga. Niliona pia, niseme kweli, kwamba Kwaresima yangu ya kuacha sukari ilikuwa ya kitoto nikiilinganisha na midomo iliyokauka ya Mzee saa tisa alasiri. Nikaamua nitafunga kama wao, alfajiri hadi magharibi, kimya kimya, bila kumwambia mtu. Muhogo wa Mama Zaituni nikampa mbuzi wa jirani. Mzee alipouliza asubuhi kama nimekula, nikajibu, "Yego, Mzee." Jioni nilijiunga nao ukumbini: tende chache zilizogawanywa kwa haki kama mirathi, uji wa mtama wenye pilipili manga, sambusa, ndizi za nazi ambazo siwezi kuziandika hapa bila kumeza mate. Nilikula kwa furaha ya mtu anayejua siri yake nzuri. Kazini mambo yalikuwa matamu vilevile. Kila bakuli lilikuwa zuri. Kahawa ambazo mwezi uliotangulia ningeziita chapwa sasa zilikuwa na asali, zilikuwa na ndimu, zilikuwa na maua. Nilifikiri Mungu ananilipa. Wahenga walisema nia njema ni tabibu. Yangu ilikuwa inatia ugonjwa, gunia kwa gunia.

Kulikuwa na fungu namba kumi na saba, kubwa, lililosubiriwa na mnunuzi, na mkurugenzi, ambaye kila mtu alimwita Patroni, alikuwa amepita mara tatu kuliulizia. Nililionja siku ya Alhamisi. Mzee alinusa unga wake mkavu, akakunja uso kidogo, akaniambia nirudie. Nikarudia. Nikamwambia ni safi na tamu. Alinitazama, kisha akapiga muhuri.

Jumatatu iliyofuata niliamka nikiwa na homa, na Mama Zaituni, mtu ambaye huwezi kumdanganya ukiwa umelala, akaniketisha na kunilisha muhogo mzima na kikombe cha maji ya moto kabla sijatoka. Kila Jumatatu tulikuwa na desturi ya kuonja upya sampuli za akiba za wiki iliyopita, namba zikiwa zimegeuzwa, ili kujihukumu. Nilizungusha meza. Bakuli la kwanza chapwa. La pili chapwa. La tatu likanipiga puani kabla ya kijiko kufika mdomoni: harufu ya kiazi kibichi, kiazi kilichomenywa sasa hivi, na mdomoni ikawa ladha hiyo hiyo mpaka kooni. Hiyo ndiyo aibu ya kahawa za nchi yetu. Mdudu hutoboa tunda, punje huugua, na punje moja tu yenye ugonjwa huo huharibu kikombe kizima. Nilitema, nikasuuza, nikarudia. Nikachungulia chini ya bakuli. Fungu kumi na saba. Nje ya dirisha, lori lilikuwa limekwisha kupakiwa magunia yale yale, turubai limefungwa, dereva anasubiri makaratasi ili aondoke saa kumi.

Nataka nijisifu kwamba nilikimbia kwenda kusema. Sikukimbia. Nilisimama pale mpaka bakuli zikapoa. Hakuna aliyeona. Kahawa ingeondoka, ingechanganywa na nyingine huko mbele, na kama lawama ingerudi ingerudi baada ya miezi, kwa barua, katika nchi iliyokuwa na mambo makubwa zaidi ya kuhangaikia. Nilichokiona mbele yangu hakikuwa mnunuzi. Nilimwona Mzee akipokea barua hiyo na kuisoma na miwani yake iliyofungwa uzi, akitafuta kosa lake na asilione. Nikaenda kumwita.

Alinusa bakuli, akalirudisha mezani taratibu. Akaniuliza kama leo nimekula. Nikasema leo nimekula. Akauliza, na wiki ile? Nikamwambia muhogo aliula mbuzi wa jirani. Alivua miwani. Hapo ndipo aliponieleza kile alichodhani ninakijua siku zote: ulimi wenye njaa husamehe kila kitu, na ndiyo maana mwonjaji hula kwanza, chakula kisicho na chumvi wala kiungo, na ndiyo maana aliniuliza kila asubuhi. Hakupandisha sauti. "Konso," akasema, "miye nafunga sababu ya Mungu. Weye ulifunga sababu ya nani?"

Sijawahi kupigwa kofi lililouma hivyo.

Patroni hakuwa mtu mbaya, na ninasema hivyo kwa kuwa ni rahisi kumwandika kama mbaya. Alikuwa na simu mbili zinazolia, barabara moja tu iliyobaki wazi, na mnunuzi mwenye haraka. Alipoambiwa, alitutazama wote wawili kwa zamu. "Kahawa iko ndani ya kamyo tayari," akasema, akilionyesha lori. "Nani kule Ulaya atakunywa na ajue?" Mzee akamjibu kwamba yeye atajua, hata bila kunywa. Patroni akamtaka basi aonje mwenyewe, hapo hapo, amalize ubishi. Mzee akasema ni saa saba mchana na jua bado lina kazi. Ulimi wake ni huyu msichana. Ndipo Patroni akauliza swali nililokuwa naliogopa. Kama ulimi ni huo, kwa nini ulipitisha fungu hilo Alhamisi?

Nilifungua mdomo. Mzee akatangulia. "Kosa iko yangu," akasema. "Nilimuweka kwenye meza na sikumuangalia." Nami nikafunga mdomo. Nimeandika sentensi hiyo fupi baada ya miaka thelathini na kitu na bado mkono ni mzito.

Wakakubaliana kwamba Patroni ataandaa bakuli kumi na mbili peke yake, mlango ukiwa umefungwa, baadhi za kumi na saba na baadhi za mafungu mengine, na mimi nitaonja mbele yake. Nikishindwa, lori linaondoka. Maji yalipokuwa yakichemka, Mzee alinichukua hadi kibandani kwa mwanamke aliyeuza chakula getini, akamwomba muhogo wa kuchemsha bila chumvi, akaniketisha benchini na kukaa mbele yangu. Ilikuwa siku ya kumi na kitu ya saumu, joto kali, na midomo yake ilikuwa imepasuka. Alinitazama nikila tonge kwa tonge, kama fundi anayetazama nondo zikipangwa kabla zege halijamwagwa. Nilipotaka kuacha nusu kwa aibu, akanisogezea sahani. "Kula. Leo ibada yako ndiyo hii."

Nilionja bakuli kumi na mbili. Nilisema la tatu ni bovu, la nne ni bovu, la tisa ni bovu, na mengine yote hayana kiazi. Patroni alitazama karatasi yake, akatabasamu kwa mara ya kwanza siku ile, akasema la kumi na moja nalo lilitoka fungu kumi na saba na mimi nimeliita safi. Lakini Mzee hata hakusogea ukutani alikoegemea. Alimweleza Patroni, kwa subira aliyonifundishia mimi kushika kijiko, kwamba ugonjwa huu haukai ndani ya gunia, unakaa ndani ya punje; bakuli lisilopata punje mgonjwa ni bakuli safi, na huyu binti amesema kweli juu ya bakuli hilo pia. Kama angekuwa anakisia, au amelichukia fungu, angeyaita yote manne mabovu. Akachota kijiko kutoka bakuli la nne, akampa Patroni mwenyewe. Patroni akaonja. Hakutema kwenye ndoo, alitoka nje kabisa, na tuliporudi kumsikia alikuwa anamwambia dereva afungue turubai.

Magunia yakarudi kwa wanawake wa nyuma ya ukuta. Wakayachagua upya siku nyingi, wakitoa punje zilizotobolewa, wakitutukana kwa nyimbo nzuri sana, na kilichobaki kikauzwa kama kahawa ya kawaida bila muhuri. Mnunuzi aliambiwa ukweli na akasubiri fungu jingine. Hayo yalikwisha vizuri. Ambacho hakikwisha vizuri ni kwamba mwonjaji mkuu alikuwa amekiri uzembe mbele ya mkurugenzi wake, na ofisi haikuweza kulipuuza neno hilo. Wakaleta mwonjaji mwingine kutoka nje kwa msimu mzima, na Mzee Yusufu, baada ya miaka ishirini, alisimama nyuma ya mtu aliyekuwa na nusu ya pua yake, akimjazia bakuli maji ya moto. Mimi nilibaki kwenye nafasi yangu. Alisimama pale bila kununa, akisahihisha joto la maji kimya kimya, na kila asubuhi bado alipita mlangoni kwangu akauliza kama nimekula. Msimu ulipoisha muhuri ulirudi kwake. Nilitaka kumwambia Patroni ukweli, nilitaka karibu kila wiki, na kila wiki nikapata sababu. Njia ya mwongo ni fupi, wanasema. Ya mnyamavu ni ndefu mno, na mimi nimeitembea.

Mauaji yaliyokuja miaka miwili baadaye sitayabana katika aya moja. Nitasema hili tu kwa sababu ni la Mzee huyu huyu: nilinusurika kwa sababu ya ua huu wa Rwezamenyo. Watu walipogonga lango kuuliza ni nani aliye ndani, yeye ambaye hakuweza kudanganya juu ya kikombe kimoja cha kahawa aliwaambia uongo mmoja mkubwa bila kupepesa macho, na kisha akaja nyuma kwenye chumba chenye dirisha la ukubwa wa sinia, akaniuliza kwa sauti ya chini kama nimekula. Siku hiyo nilielewa kwamba uaminifu wake haukuwa wa kanuni alizokariri. Alijua kila neno linamlinda nani. Leo nina meza yangu ya duara kule Kimironko, na vijana wangu wana vipimo na simu zinazojua mengi kuliko mimi, na ninawapenda, lakini hakuna anayeshika kijiko kabla sijamuuliza kama amekula, na jibu la adabu silikubali. Nataka wataje chakula chenyewe.

Visomo vilikwisha. Zaituni, sasa mama wa watoto wanne na mrefu kama baba yake, alipita akigawa pilau, na aliponifikia akasimama, akarudi jikoni, akaja na sahani nyingine: muhogo wa kuchemsha. Hauna chumvi, akasema. Baba aliusia kwamba siku ya msiba wake akija dada wa kahawa, apewe huu. Wanawake wakataka kujua maana yake, na Zaituni akaketi akawasimulia, kwa fahari ya binti, kisa walichokua nacho nyumbani: jinsi baba yao alivyowahi, mwaka mmoja wa Ramadhani, kupitisha kahawa mbovu kwa uzembe wake mwenyewe, na jinsi alivyokiri mbele ya mkurugenzi na kuadhibiwa msimu mzima, ili wanawe wajue kwamba hata mtu mwema hukosea na kazi yake ni kusema. Bibi wa tasbihi alitikisa kichwa kwa kuridhika. Kilikuwa kisa kizuri. Ila Mzee hakuwa amenitia ndani yake, hata kwa watoto wake, hata baada ya miaka yote ile.

Nilikula muhogo wote. Nikasuuza mdomo kwa maji kama alivyonifundisha. Kisha nikaweka sahani chini na kusema, kwa sauti iliyofika mpaka kwa wanaume waliokuwa uani, "Zaituni, kahawa ile niliipitisha mimi. Baba yako aliniuliza kama nimekula, nikamwambia ndiyo."